Kulwa, Bukuru na Daftari la Mahudhurio

Daftari la mahudhurio la shule ya msingi ni kitabu cha historia, ingawa wachache hulisoma hivyo. Kila asubuhi mwalimu hulifungua, huita majina, huweka alama, hulifunga. Katika shule za Usinge, mji mdogo wa kando ya reli wilayani Kaliua, mkoani Tabora, na katika vijiji vinavyouzunguka, majina hayo yana mengi ya kusimulia. Wamo akina Kulwa na Doto, pacha wa Kinyamwezi na Kisukuma: Kulwa aliyetangulia, Doto aliyefuata. Wamo akina Bukuru na Butoyi, pacha wa Kirundi na Kiha, kwa mpangilio uleule. Mtoto anayezaliwa baada ya pacha, kwa hao wa kwanza huitwa Shija. Kwa hao wa pili huitwa Ciza, jina ambalo upande wa Tanzania aghalabu huandikwa Chiza. Katikati yao wamo akina Hamisi, Mwajuma, Yohana na Neema, majina yaliyofika kwa misafara na kwa misheni. Mtu anayejua kusoma majina anaweza kufuata njia zote zilizowaleta wazazi wa watoto hao mpaka kwenye dawati moja.

Usinge haina sura yake katika vitabu vingi. Ipo kwenye Reli ya Kati, ng'ambo ya Kaliua kwa anayekwenda Kigoma, upande wa Ziwa Sagara na maji ya Malagarasi. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi iliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zinazolindwa. Watu huko wanaishi kwa samaki, asali, tumbaku, ng'ombe na mahindi, na kila shughuli ilikuja na watu wake: warina asali wenyeji, Waha waliofuata vibarua vya mashambani, Wasukuma waliofuata malisho, na familia zilizovuka mpaka kutoka Burundi zikiwa na mafurushi kichwani.

Watoto wa watu hao walifundishwaje kuketi pamoja bila kudharauliana? Mahubiri pekee hayatoshi kueleza. Ukifuatilia historia ya upande huu wa magharibi mwa Tanzania, unaona kwamba jambo lenyewe lilitegemea mpangilio: nani anaketi na nani, kwa lugha gani, nani anapewa jembe, nani anatangulia kupakuliwa chakula. Kila zama zilipanga kwa namna yake. Nyingine zilipanga vibaya sana.

Shule ya kwanza ya kuishi na watu wa aina nyingi haikuwa na ukuta. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, Tabora ya wakati huo, tarehe 7 Novemba 1857, walifikia mji wa wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani waliokaa katika matembe, wamezungukwa na vijiji vya Unyanyembe. Katika msafara wao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto, akafikishwa India, akarudi Afrika Mashariki akiwa mtu huru mwenye Kihindustani kinywani. Kutoka Kazeh walipitia Msene, wakavuka Malagarasi, na Februari 1858 wakafika Ujiji.

Kwa kijana wa Kinyamwezi wa karne ile, safari ya kwenda pwani na kurudi ilikuwa kama cheti. Asiyewahi kuiona bahari alionekana hajakua. Wasafiri waliandika kuhusu wavulana wadogo waliotembea nyuma ya baba na wajomba zao, mabegani wamebeba mizigo iliyolingana na umri wao. Walijifunza njiani: namna ya kuomba maji kwa watu usiowajua, namna ya kusalimia ugenini, namna ya kungoja wakubwa wakilipa hongo ili msafara upite. Neno hilo hongo leo lina sura mbaya. Wakati ule lilikuwa ushuru wa njia, adabu anayopewa mwenye nchi. Nyapara naye, ambaye siku hizi tunamsikia kwenye vibarua na gerezani, alikuwa mkubwa wa kikosi cha wapagazi, na asili ya jina lake ni lugha za huku huku bara.

Katika njia hizo ndipo ulipokomaa utani, na hapa inafaa kutua kidogo, maana ndiyo rasilimali ambayo shule zingeweza kuitumia zaidi kuliko zilivyofanya. Mnyamwezi aliyefika uzaramoni amechoka, ana njaa, hana ndugu, alihitaji mtu wa kumtukana bila kumuua. Utani ulimpa mtu huyo. Mtani ana ruhusa ya kukuita majina, kukunyang'anya kofia, kukudai fidia ya mambo ya kubuni. Nawe huna ruhusa ya kukasirika. Lakini ruhusa hiyo ina gharama. Msiba ukikufika, mtani ndiye wa kwanza kufika, ndiye mwenye kazi ya kuzika, kupika na kuwachekesha waliofiwa. Uhusiano wa Wanyamwezi na Wazaramo, na makabila mengine yaliyokaa kando ya njia ya Bagamoyo, ulijengwa hivyo. Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa Amani huko Usambara, aliuona mkubwa kiasi cha kuuandikia makala katika miaka ya 1940, na katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya habari zake kabila kwa kabila.

Mtoto aliyekulia katika nyumba yenye watani alijua tofauti moja ambayo walimu wa leo huihangaikia sana: tofauti kati ya mzaha na dhihaka. Mzaha una kurudishiwa. Anayekutania leo kesho utamtania wewe, na nyote mnajua kwamba akianguka utamwinua. Dhihaka haina upande wa pili.

Hata hivyo njia ile si ya kuipamba. Waliopita humo hawakuwa wapagazi wa hiari peke yao. Wengine walifungwa kamba na minyororo, na wengi wao walikuwa watoto. Mapadri wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao watu huwaita White Fathers, walifika Tabora mwaka 1878, na katika miaka ya 1880 waliendesha kituo cha watoto yatima huko Kipalapala, wengi wao wakiwa wamekombolewa kutoka utumwani. Ukifikiri kwa makini, hicho kilikuwa miongoni mwa vyumba vya kwanza vya watoto wa makabila mchanganyiko katika nchi hii, na kilichowachanganya ni kupotezwa kwao. Hakuna mtoto pale aliyechagua kukaa na mwenzake. Shirika hilohilo ndilo lililomleta Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni huko Afrika Magharibi, akanunuliwa na mapadri, akasomea utabibu Malta, akafika Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1880. Alitibu watu huko mpaka akafariki mwaka 1956, baba wa ukoo katika nchi ambayo hakuzaliwa.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa muda mfupi sana kazi ya mabega ya maelfu ya watu ikahamia kwenye mabehewa, na stesheni zikaota mahali ambapo zamani palikuwa na kambi za kulala. Usinge ni mtoto wa reli hiyo. Kisha vikaja vita, Waingereza wakachukua nchi, na wakaja na mpangilio wao wa elimu.

Mpangilio huo ulikuwa wa rangi. Mtoto wa Kizungu na shule yake, wa Kihindi na yake, Mwafrika na yake, kila moja na bajeti yake, majengo yake na mustakabali wake. Ndani ya shule za Waafrika kulikuwa na ngazi nyingine. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1922, ilianzishwa kwa ajili ya watoto wa machifu, ili Waingereza wapate watawala wenyeji waliosoma. Ilikuwa ya bweni, kwa mfano wa shule za mabwana wa Uingereza, na baadaye ikapokea pia vijana waliofaulu mitihani ingawa hawakuwa wa nyumba za kichifu. Ajabu ya historia ni kwamba shule iliyokusudiwa kuzaa machifu wa makabila ndiyo iliyowakutanisha vijana wa makabila. Mkwawa wa Uhehe, Fundikira wa Unyanyembe, Makwaia wa Usukuma, Marealle wa Uchagani: majina yaliyotengana kwenye ramani yalikaa kwenye mabweni ya mji mmoja, ingawa si wote kwa mwaka mmoja.

Mwaka 1937 aliingia humo kijana kutoka Butiama, wa kabila dogo la Wazanaki, aitwaye Kambarage. Wanaoandika maisha yake husimulia kwamba viranja wa shule ile walipewa chakula mara mbili ya wenzao, na kwamba Kambarage, alipokuwa kiranja, alilipinga jambo hilo. Mtu anaweza kuliona dogo, lakini mwenye kumbukumbu ya bweni anajua kwamba hakuna somo la usawa linaloeleweka haraka kama sahani. Baada ya kusoma Makerere, kijana huyo, Julius Kambarage Nyerere, alirudi Tabora mwaka 1946 akafundisha katika shule ya Kanisa Katoliki ya St. Mary's hadi mwaka 1949 alipokwenda Edinburgh. Jina la Mwalimu, ambalo taifa zima lingemwita hadi leo, mizizi yake ya kwanza iko katika madarasa ya mji huu.

Tabora ilimrudisha tena Januari 1958, katika mkutano mkuu wa chama chake cha TANU. Waingereza walikuwa wametunga uchaguzi ambao kila mpiga kura alipaswa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi walitaka kuususia. Nyerere aliwashawishi washiriki, na uamuzi huo ukaingia katika historia kwa jina la Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu na wenzake hawakukubali. Walijitenga wakaanzisha chama cha ANC kilichotaka Tanganyika ya Waafrika peke yao. Mabishano ya Tabora hayakuwa ya kisiasa tu. Yaliamua pia mtoto gani angesoma wapi. Sheria mpya ya elimu ya mwaka 1961, iliyoanza kutumika Januari 1962, ilifuta ubaguzi wa rangi katika shule. Katika miji kama Tabora, wenye maduka na vibarua wao sasa waliweza kupeleka watoto kwenye mlango uleule.

Mambo mengine yalifuata kwa kasi. Mwaka 1967 lilitoka Azimio la Arusha, na baada yake Elimu ya Kujitegemea. Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma nchi nzima. Sheria ya mwaka 1969 ilizifanya shule za misheni kuwa mali ya serikali na kuzuia mtoto kukataliwa kwa sababu ya dini. Kipindi cha dini kikabaki, lakini kila imani ikaletewa mwalimu wake, na kengele ikilia wote wanarudi darasa moja. Mwaka 1967 ndio pia wa mwisho kwa sensa ya Tanzania kuwauliza watu kabila lao. Sensa zilizofuata zimehesabu mambo mengi, nyumba, mifugo, vyoo na ulemavu, lakini swali la kabila halikurudi.

Shule nazo zikapata desturi zake. Sare: shati jeupe na kaptura au sketi ya buluu, nguo inayomfunika mtoto wa karani na mtoto wa mvuvi sawasawa. Mchakamchaka alfajiri. Jembe la kila mmoja kwenye shamba la shule. Kwa wale waliofaulu kwenda sekondari, serikali ilikuwa na tabia ya kuwapanga mbali na kwao, kijana wa Lindi akapelekwa Tabora, wa Tabora akapelekwa Moshi. Wazazi walilalamikia nauli, na walikuwa na haki. Lakini muulize mzee yeyote aliyepanda treni akiwa na sanduku la bati miaka ya 1970, atakutajia marafiki wa mikoa sita.

Nayo Tabora ililisha shule hizo vitabu. Kiwanda cha uchapaji cha misheni, TMP, kilichapa hadithi za Kiswahili zilizosomwa mbali sana na Unyanyembe.

Kiswahili kilifungua mlango mmoja kikafunga mwingine, na haki ni kusema yote mawili. Mtoto aliyeamka nyumbani akiambiwa "mwangaluka" na mwenzake aliyeambiwa "mwakeye" walikutana shuleni katika "shikamoo mwalimu", na hakuna aliyekuwa mgeni kuliko mwenzake. Hiyo ni zawadi kubwa, na nchi jirani zimeitamani. Hata hivyo katika shule nyingi mtoto aliyeteleza akasema kilugha darasani alionja kiboko. Umoja ulifundishwa kwa fimbo mahali ambapo ungeweza kufundishwa kwa udadisi. Kinyamwezi, lugha ya njia nzima ya misafara, kilingoja nje ya dirisha pamoja na Kiha na Kirundi. Hadithi za sungura na fisi za bibi zilibaki kwa bibi.

Katikati ya ujenzi huo, mwaka 1972, ulikuja mtihani mkubwa. Aprili mwaka huo mauaji ya halaiki yalianza Burundi, na Wahutu kwa makumi ya maelfu walikimbilia Tanzania. Serikali, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililoanzishwa mwaka 1964, iliwapeleka katika makazi yaliyofyekwa msituni: Ulyankulu mwaka 1972, Katumba mwaka 1973, kisha Mishamo mwaka 1978, baada ya Ulyankulu kuelemewa. Ulyankulu leo iko katika wilaya ileile ya Kaliua yenye Usinge. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika Ulyankulu methali hiyo ilitekelezwa kama ilivyo: familia zilipewa ardhi, mbegu na jembe, na miaka michache baadaye zilikuwa zikijilisha na kuuza. Vijiji vilipewa namba badala ya majina. Barabara ya 13 inajulikana Tanzania nzima kwa sababu ya kwaya yake ya injili, na wengi wanaoimba nyimbo zake hawajui kwamba namba ile ni alama ya mpango wa makazi ya wakimbizi.

Watoto wao walisomeshwa mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko ulivyosifiwa. Ulimaanisha kwamba mtoto wa mkimbizi aliyefaulu alikuwa na mtihani uleule, lugha ileile na historia ileile na mtoto wa mwenyeji. Kilichopungua ni dawati la pamoja. Makazi yalikuwa mbali, kutoka kulihitaji kibali, na katika shule nyingi za ndani karibu kila mtoto alikuwa wa nyumba ya mkimbizi.

Tofauti hiyo ilikuja kuonekana wazi. Katika miaka ya 1985 na 1986 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa Mishamo, kisha akakaa mjini Kigoma, na kitabu chake cha mwaka 1995 kililinganisha pande hizo mbili. Mishamo, walikotengwa, aliwakuta watu wanaishi ndani ya kumbukumbu za mauaji, wakizirudia na kuzipanga, wakijiona taifa lililo uhamishoni likimngoja adui wake. Kigoma, Warundi waliotoka katika maangamizi yaleyale walikuwa wameoana na majirani, wamechukua majina ya Kiislamu au ya Kiswahili, wanauza dagaa, na hawakupenda sana kugawa dunia kwa Wahutu na Watutsi. Chuki haikuponywa na mahubiri mjini Kigoma. Ilikosa mahali pa kukaa, kwa sababu kila siku mtu alikuwa na jambo la kufanya na mtu mwingine. Mwalimu anayepanga nani aketi na nani anafanya kazi iyohiyo kwa kipimo kidogo.

Wimbi la wakimbizi la miaka ya 1990 lilipangwa kinyume. Katika kambi za mkoa wa Kigoma, kama Lugufu na Nyarugusu, ambayo ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, watoto walifundishwa mitaala ya makwao, kwa Kifaransa, na kwa Warundi Kirundi pia, ili warudi bila kupotea. Hoja hiyo nayo ina uzito, na ushahidi wake ulitoka kwa wale wa 1972 wenyewe. Kuanzia mwaka 2008, zaidi ya 50,000 kati yao na vizazi vyao walichagua kurudi Burundi. Watoto waliokuwa wakiongoza darasani Ulyankulu waliketi katika shule za Burundi wasielewe neno la Kifaransa, wakachekwa kwa Kirundi chao chenye lafudhi ya Unyamwezi. Ule wema uliowaweka sawa na wenzao hapa uliwafanya wageni kule.

Waliobaki walikuwa wengi zaidi. Tanzania iliridhia maombi ya uraia ya watu wapatao 162,000, jambo ambalo mataifa makubwa yenye mali nyingi hayajathubutu kulifanya kwa mara moja, na Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kukabidhi vyeti. Ulyankulu leo ni jimbo la uchaguzi. Katika shule, neno mkimbizi lilichukua muda mrefu zaidi kuondoka kuliko lilivyoondoka kwenye karatasi. Watoto hulitumia kama jiwe wakigombana kwenye mpira. Mwalimu mzuri hulizima hapohapo, na mbinu yenye nguvu zaidi ni kuwaambia ukweli wote: kwamba babu zao Wanyamwezi nao walikuwa wageni kila walikopita, na waliishi kwa sababu mtu fulani aliwapa maji.

Tofauti za kabila na uraia si zote. Kuna zile za mwili, na hapa Tabora ina nafasi ya pekee. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa mjini humo na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974. Wasioona walikuwa wameanza kusoma Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Hizo zilikuwa hatua za heshima katika wakati ambapo mtoto kiziwi alifichwa ndani. Lakini zilikuwa shule za peke yao, na mtoto anayesikia alikua bila kumwona mwenzake anayeongea kwa mikono. Fikra ya kuwachanganya ilijaribiwa Dar es Salaam katika shule ya Uhuru kuanzia miaka ya 1960, na jina ambalo shule hiyo ilikuja kujulikana nalo, Uhuru Mchanganyiko, linasema kilichokusudiwa.

Kisha kikaja kipindi cha aibu. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino waliwindwa, wakauawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi, kwa imani kwamba miili yao inaleta utajiri. Serikali iliwakusanya watoto katika vituo vilivyokuwa shule za wenye ulemavu: Buhangija mjini Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi, Kabanga wilayani Kasulu. Walitenganishwa na wenzao ili wabaki hai, na hakuna mwenye moyo atakayelaumu uamuzi huo wa dharura. Uchungu ni kwamba dharura iliendelea miaka mingi, wengine wakakulia humo bila kutembelewa na mzazi, na vijijini walikotoka watoto wengine wakaendelea kukua bila kumjua mwenye ualbino ila kwa uvumi.

Kumrudisha mtoto huyo darasani hakuhitaji hotuba ndefu. Macho yake yana uoni hafifu, basi aketi mbele, na mwalimu aandike kwa herufi kubwa, asome kwa sauti anachoandika. Ngozi yake inaungua, basi avae kofia pana na mikono mirefu, na zamu yake ya kazi iwe chini ya mwembe badala ya kwenye jua la saa saba. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua. Lakini utekelezaji wa kweli uko kwenye hiyo kofia na hilo dawati la mbele. Maneno nayo yamebadilika. Kijana wa leo aliyefundishwa vizuri husema mtu mwenye ualbino, naye hawezi kusema zile lakabu za zamani bila kumwangalia mwalimu kwanza.

Tangu mwaka 2006 shule za sekondari za kata zimejengwa kila mahali. Mtoto wa Usinge hahitaji tena treni na sanduku la bati. Anatembea kwenda kidato cha kwanza na kurudi kula nyumbani. Wasichana wengi waliokuwa wakiishia darasa la saba wamefika mbali kwa sababu hiyo, na ni faida isiyopingika. Kilichopotea ni ule mchanganyiko wa kulazimishwa wa mabweni. Kwa bahati, mahali kama Usinge mchanganyiko umekuja wenyewe. Mashamba ya tumbaku yaliyoenea Urambo na Kaliua, baada ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940 kushindwa, yanaendelea kuvuta watu. Mifugo ya Wasukuma imeshuka kusini na magharibi. Tangu elimu kuwa bila ada mwaka 2016, madarasa yamefurika, na mwalimu mmoja mbele ya umati wa watoto hana hata nafasi ya kupita kati ya madawati, sembuse ya kusuluhisha kila neno la kuudhi.

Ndiyo maana kazi nyingi hufanyika katika yale mambo madogo yasiyohitaji nafasi. Majina, kwa mfano. Mwalimu mgeni kutoka Iringa au Tanga, akifungua daftari siku ya kwanza, anaweza kuuliza kila mwenye jina la pacha asimame. Watasimama akina Kulwa na Doto, na upande mwingine wa darasa watasimama akina Bukuru na Butoyi, wakitazamana. Akiuliza nani amezaliwa baada ya pacha, Shija na Chiza watanyoosha mikono kwa pamoja, kila mmoja akimshangaa mwenzake, na somo la hesabu litachelewa dakika kumi wakati watoto wakihesabu ni nyumba ngapi zina jambo lilelile kwa lugha tofauti.